Nafasi Nzuri Kuliko Zote Uwanjani

Jumatatu, 18 Agosti

Sijalala. Nimezunguka jikoni mpaka paka amenichoka. Jana tumerudi kutoka soko la ziwani na masanduku yamejaa vilevile kama tulivyoondoka nayo. Vikombe, mabakuli, mitungi ya mafuta ya zeituni, vyote! Soko lile nililichagua mimi. Ningejuaje? Bango lilikuwa na picha ya bakuli zuri la udongo. Kumbe bakuli lilikuwa la supu ya samaki, na watu walikuja kula.

Dada yangu Nives, anayevichora vyombo ninavyofinyanga, ametoa amri mezani. Mara moja tu tena. Masanduku yakirudi yamejaa, masoko atachagua yeye, na mimi nitabaki karakanani na tanuri langu. Mimi! Niliyechagua masoko ya nyumba hii tangu baba afariki! Nikamwambia safari hii masanduku yatarudi matupu. Akasema haya bwana mkubwa, tupatane hivyo hivyo. Tukapeana mikono juu ya tambi.

Jumatano, 20 Agosti

Nimepata dawa. Egisto!

Egisto wa sabuni na mishumaa hajawahi kurudi na mzigo. Anauza nini cha ajabu? Sabuni! Nani hana sabuni nyumbani? Basi siri haiko kwenye mali, iko kwenye kuchagua. Kwa hiyo nimeshinda baa tangu saa nne, nimejificha nyuma ya gazeti, yeye akicheza karata meza ya pili. Kahawa tano. Moyo unanidunda mpaka sasa. Hatimaye akamwambia mwenzake kwamba Jumapili anakwenda Montefalasco, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomeo, na kwamba hajaikosa hata mwaka mmoja.

Nimekupata, mzee!

Alipotoka alimwambia mwenye baa anipe gazeti la leo, maana nililoshika ni la Pasaka. Sijali. Acha acheke.

Ijumaa, 22 Agosti

Siwezi kukaa. Nimefunga masanduku, nikayafungua, nikayafunga upya. Nives kauliza kama Montefalasco naijua. Nikamjibu soko ni soko.

Nimepiga simu kamati ya sikukuu. Nafasi za kudumu zimekwisha. Asiye na nafasi anafika alfajiri, askari wa manispaa anaita majina, na waliohudhuria miaka mingi ndio wanaochagua kwanza. Mama wa kamati akaniuliza kama nimewahi kuiona sikukuu yao, anieleze utaratibu. Nikamwambia mama, mimi nimekuja mara nyingi mno! Sitaki wanione mgeni. Akafurahi sana, akasema basi hana la kunieleza.

Hivyo ndivyo watu wanavyojenga heshima.

Jumapili, 24 Agosti

Naandika nimekaa kwenye ngazi za kanisa. Nitajaribu kueleza kwa mpangilio.

Alfajiri, majina yanaitwa. Egisto anaitwa mapema. Anachagua wapi? Kichochoroni, nyuma ya duka la dawa! Nikamhurumia. Mwingine akajibanza kwenye moshi wa nguruwe wa kuchoma. Wote wamechagua kama vipofu. Nikaja mimi, wa mwisho kabisa, na kilichobaki ni nini? Kona ya mbele ya kanisa! Uwanja mzima unakutazama! Nusura nipige kelele.

Askari akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Akaniambia kengele zikilia niondoe kila kitu, meza, mwavuli, kila kitu. Nikasema ndiyo, ndiyo. Moyoni nikajua kuna binamu yake anaitaka ile kona. Kisha akaja Egisto, sauti ya upole, eti Gualtiero ndugu yangu, hama hapa, njoo tubanane kule kwangu. Wivu mtupu! Nikamwambia ashughulike na povu lake.

Na asubuhi ilikuwa tamu, nisiseme uongo. Kina mama wamejaa mezani. Huyu anataka mtungi, yule anataka sahani za binti yake anayeolewa. Wote wakaniambia niwawekee, watachukua baada ya misa. Nives akatabasamu. Nives!

Kengele zikalia. Majirani wakaanza kukunja meza kama wanafukuzwa. Nives akasema na sisi tukunje. Nikamwambia umerukwa na akili? Wateja ndio kwanza wanatoka kanisani, mimi nifiche mali?

Wakatoka vijana wa mashati meupe, wamebeba sanamu ya mtakatifu mabegani, mkubwa, mzito, mkononi kisu kile alichochunwa nacho ngozi. Polepole, kwa adabu. Nikavua kofia. Ngoma ikapigwa.

Wakakimbia!

Hakuna aliyeniambia kwamba wanakimbia. Sawa, waliniambia nihame. Lakini hawakunieleza kwa nini! Huyu Bartolomeo wa Montefalasco, akifika kwenye ile kona, hatembei. Wanasema mwaka mmoja zamani walimpitisha polepole, mvua ya mawe ikamaliza zabibu zote, na tangu hapo mwendo ni wa mbio. Kijana wa mbele akanifokea, toka hapo wewe, toka! Mimi nikasimama mbele ya meza nimetanua mikono. Sijui nilidhani nitamzuia nani. Nives akanivuta kwa mkanda wa suruali. Meza ikaenda. Mwavuli ukaenda. Masanduku ya akiba yaliyokuwa chini ya meza yakakanyagwa. Mtakatifu hakuyumba hata kidogo.

Wakapita. Bibi mmoja akainama, akaokota kigae, akakibusu, akakitia kwenye mkoba. Akasema mtakatifu amekigusa hiki. Basi! Uwanja mzima ukaniinamia miguuni. Wameokota vyote, mpaka vishikio vya vikombe. Baba mmoja akanishika bega, akaniuliza kama sina kingine kilichovunjika.

Egisto mishumaa imemwishia. Kumbe maandamano yanapangwa palepale kichochoroni, na kila mtu anataka mshumaa.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimemkumbusha Nives makubaliano yetu. Tulisema masanduku yarudi matupu. Yamerudi matupu! Hakuna hata kijiko ndani. Kwa haki, nimeshinda.

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikacheka na mimi, nikidhani mambo yameisha. Kisha akaacha kucheka. Akasema ule mtungi wenye michoro ya makomamanga, uliovunjika jana, aliuchora msimu wote wa baridi, usiku macho yakimuuma, na mimi niliwekwa pale kuulinda. Akasema kila mtu pale alinitakia mema, hata Egisto, na sikumsikiliza hata mmoja. Niliona aibu, aibu kweli. Nimemwambia masoko achague yeye, mimi nakwenda kwenye tanuri. Na nilimaanisha.

Alhamisi, 28 Agosti

Siku tatu za tanuri. Nimetulia. Au nakaribia kutulia.

Nives amechagua soko lake la kwanza, ndani ya nyumba ya zamani ya watawa. Lina paa. Hakuna ngoma, hakuna mtakatifu. Egisto ndiye aliyemshauri, na wamechukua meza jirani. Haya.

Mimi nimekuwa nikiwaza lakini. Wale watu waliviokota vyote! Kosa langu halikuwa kona. Kosa langu ni kwamba nilitoa vigae bure.

Nimeulizia kidogo kidogo pale baa. Kuna mji mmoja upande wa pili wa mlima ambako Bikira Maria anatoka mtaa wa juu, Mtakatifu Rocco anatoka mtaa wa chini, na wote wawili wanakimbia mpaka wakutane katikati ya uwanja. Wawili! Nimepiga simu. Nikaomba meza katikati. Wakaniuliza, katikati kabisa? Nikasema katikati kabisa. Ni Jumapili ileile ya soko la Nives, kwa hiyo jino litaniuma tangu Ijumaa, nisiende naye.

Hivi sasa Nives amechungulia karakanani, akanikuta nimeinamia gurudumu la kufinyangia, udongo mpaka kwenye viwiko. Akanishika kichwa kama alivyokuwa akifanya mama. Akasema anaona nimejifunza.

Nafinyanga mabakuli membamba mno, yapate kuvunjika vipande vingi.