Visaidizi Kumi na Tisa vya Profesa

Ujumbe uliingia kwenye simu zote tatu za benchi la kahawa kwa mpigo mmoja, saa saba kasoro dakika chache, Siwema akiwa bado anasuuza vikombe. Aliyeusoma kwa sauti ni Breki, maana Breki hakubali kitu kisomwe na mwingine. Jina lake hasa ni Zubeir, anaendesha lori la kiwanda kule Zegereni, na hilo la Breki alipewa kwa sababu mdomo wake hauna.

"Ndugu mteja, mfumo wetu umepimwa na kufaulu kwa asilimia mia. Sasa unajiandikisha Kibaha, unachukua vifaranga wako Kisarawe bila usumbufu."

"Kazi yangu hiyo," alisema Profesa, akijikohoza. Huyu ni Evodius, fundi wa kompyuta wa kampuni yenyewe ya vifaranga, ambaye chakula chake cha mchana ni kahawa ya Siwema na kashata mbili. "Ukiandikwa kwenye daftari la Kibaha, nakala inajiandika yenyewe Kisarawe. Hakuna mkono wa mtu."

Hapo simu ya Mzee Gregori ikaita. Pale wanamwita Besi, kwa kuwa yeye na mkewe Genoveva wanaimba kwaya ya Kilutheri kwao Maneromango, wilaya ya Kisarawe, na sauti ya chini ni yake. Wiki nzima alikuwa Tangini, hapa Kibaha, kumwona mjukuu. Akaweka spika.

"Shikamoo baba. Mimi Didas, niko Kisarawe dirishani. Wanasema humo kwenye orodha."

"Marahaba. Simo vipi? Nimejiandikisha mwenyewe Jumanne, vifaranga mia mbili."

"Kompyuta yao haikujui. Ikifika saa nane, wasio na mwenyewe wanapewa waliopo. Na hawa waliopo wanawatazama vifaranga wako kama wali wa shughuli."

Besi akamgeukia Profesa polepole. Banda kule nyumbani lilikuwa jipya, jiko la mkaa la kuwapasha vifaranga liliwashwa tangu alfajiri, na zamu nyingine ya vifaranga ilikuwa baada ya miezi mitatu. Siwema alijua yote hayo. Wiki nzima mzee hakuwa na hadithi nyingine.

Profesa akafungua laptop. "Haiwezekani. Tazama mzee, kijani tupu. Majaribio yote yamefaulu."

"Basi Besi akafuge hiyo kijani," alisema Breki. "Jaribio lako linapimaje?"

"Hutaelewa. Lina visaidizi kumi na tisa. Ni vijiprogramu, kila kimoja na kazi yake. AndaaMazingira anamwita HakikishaUtulivu, huyo anamwita SubiriKidogo, naye anamwita SubiriKidogoTena."

"Hiyo kamati ya harusi. Kila mtu ana beji, mpishi hayupo."

"Kila kimoja nilikiweka kwa sababu."

"Hata kwenye harusi ya shemeji yangu kila mjumbe alikuwa na sababu. Bibi harusi wakamsahau saluni."

Siwema kwa kawaida hasemi na benchi. Humimina, hupokea kikombe, huangalia mkaa. Lakini swali lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Kaka Evodius," alisema, macho kwenye birika, "huyo wa mwisho katika hao kumi na tisa, anakwenda kuangalia wapi?"

"Kwenye daftari."

"La wapi?"

Profesa akashuka na kidole kwenye kioo, akashuka, akashuka tena. Jasho likamtoka puani. "La karibu."

"Karibu na nani?" Breki akauliza.

"La Kibaha. Mtandao wa Kisarawe ulikuwa mzito, jaribio likawa linatoka jekundu. Bosi hapendi nyekundu. Nikasema liwe hivyo kwa muda."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

Siwema akapangusa kikombe kilichokwisha kupanguswa. "Mimi nikimtumia dada kashata Kisarawe," alisema, "siliulizi birika langu kama zimefika."

Breki alicheka mpaka akashika nguzo. Besi hakucheka. "Mwanangu, saa saba na robo. Vunja kamati. Bakiza watatu: wa kuandika hapa, wa kusubiri, na wa kwenda kule kutazama."

"Mzee, hiyo ni kazi ya miezi minne."

"Na vifaranga ni wa leo."

Profesa akafuta. Alifuta mmoja mmoja, kama mtu anayenyonyoa jogoo aliyemlea mwenyewe. Kisha akaliendesha jaribio. Likatoka jekundu, naye akaliziba kwa kiganja.

"Usilifiche," alisema Besi. "Leo ndiyo kwanza limesema kitu."

Tatizo lilikuwa nywila, neno la siri la kuingilia. Wenzao wa Kisarawe waliibadilisha Jumatatu, na tangu siku hiyo nakala zote zilikuwa zikibisha hodi mlangoni bila kufunguliwa. Profesa akawapigia, akapewa mpya, akaiingiza. Simu ya Besi ikaita ikiwa imebaki robo saa.

"Umo baba, namba kumi na nne. Wanapakia."

"Sasa watumie wateja ujumbe mwingine," Breki akamwambia Profesa. "Andika: mfumo ulipata mia kwa sababu ulijisahihisha wenyewe."

Profesa akanywa kahawa iliyopoa. Besi, uso umemfunguka, akampigia mkewe, spika ikiwa bado wazi.

"Mama Didas, vifaranga wanakuja. Jiko linawaka?"

"Linawaka baba Didas. Banda lina joto zuri kabisa."

Nyuma yake sauti za kina mama zilipanda kwa pamoja, zikakatwa, na mwanamume akasema, "Tena, kutoka ubeti wa pili."

Siwema akageukia mkaa haraka ili asionekane anacheka.

"Mama Didas," Besi akauliza taratibu, "hilo jiko unaliangalia ukiwa wapi?"

Simu ikakatika. Mzee alikuwa amekwisha kusimama, kiatu kimoja mguuni, akitafuta namba ya jirani.

"Hiyo nayo," alisema Breki, "ni kijani."