Amri Moja Kabla ya Kuondoka

Jumatatu, 29 Septemba
Montevideo. Mvua. Kompyuta ya maktaba ya mtaa ilikufa Julai, ikaacha programu yake ya orodha za wanachama bila pa kuendeshea. Zulma Perdomo, mkutubi, anataka kiigaji, yaani programu ya kujifanya kichakataji cha ile mashine. Tumejitokeza wawili: mimi na Washington Bentancor, mpiga telegrafu mstaafu wa reli. Kiigaji kimoja tu kitawekwa mezani Jumamosi, Siku ya Urithi, mtaa mzima ukitazama. Bentancor amemaliza zamani. Mimi nimekwamishwa na upuuzi mmoja. Kichakataji hiki kikiambiwa kiruke kwenda mahali pengine katika programu, kwanza kinatekeleza amri inayofuata hapo hapo, ndipo kinaruka. Ufedhuli gani huu! Mimi wanajeshi waliponiambia niondoke Valparaíso, kwetu Chile, niliondoka. Hakuna aliyeningoja nifunge hata dirisha.

Jumanne, 30 Septemba
Zulma amenieleza huku akinimiminia yerba, chai ya majani ya hapa inayonywewa kwenye kibuyu. Ati mgeni anasimama, ameshaamua kwenda, naye anampa kibuyu cha mwisho mlangoni. Mgeni anakunywa, kisha anakwenda. Uamuzi ulishapita, kibuyu hakiubadilishi. Nikamjibu kwamba kibuyu cha mlangoni sijakipokea kwa miaka arobaini, na sitaanza kwa ajili ya kipande cha silikoni. Bentancor, ambaye hakuulizwa, akadakia: "Mchile huyu anaaga tangu mwaka wa sabini na nne, na bado yupo." Wakacheka. Mimi nilikuwa natafuta mwavuli wangu.

Jumatano, 1 Oktoba
Nimeshinda! Nageuza mpangilio: ile amri inayofuata naitekeleza kwanza, kabla ya uamuzi wowote, halafu naamua na kuruka moja kwa moja kama mtu mwenye adabu. Mistari sita. Bentancor alitumia wiki mbili, maskini. Majaribio yote ya hesabu yamepita. Nimepiga pasi shati la Jumamosi.

Alhamisi, 2 Oktoba
Fedheha. Tumejaribu orodha ya waasisi wa maktaba. Majina mia mbili na kumi na mawili. Kiigaji changu kikatoa mia mbili na kumi na moja. Aliyekosekana ni wa mwisho: Zúñiga, Eleuterio. Mimi! Nilibeba matofali ya jengo hili. Nilimtuhumu Bentancor papo hapo. Zulma akaketi, akasoma, hakunitazama usoni. Programu inaangalia majina mangapi yamebaki, inaamua kurudi juu au kuacha, na amri inayofuata ndiyo inayopunguza moja. "Wewe unapunguza kabla haijaangalia, Don Eleuterio. Iache iamue kwanza, ndipo ipunguze ikiwa njiani." Amenipa mpaka kesho saa kumi. Bentancor alijitolea kunisaidia. Tusi la wazi.

Ijumaa, 3 Oktoba
Sibomoi nyumba kwa sababu ya jina moja. Nimeiambia mashine: ikisoma hesabu ya orodha yoyote, iongeze moja. Waasisi wametoka wote, Zúñiga akifunga safu kwa heshima. Zulma akauliza kama nimerekebisha mpangilio. Nikasema orodha imekamilika, na hilo ni kweli. Akakubali kwa neno langu: mezani ni mimi!

Jumamosi, 4 Oktoba
Watu wamejaa hadi ngazini. Waasisi: makofi. Kisha Zulma akaomba watu wasimame, asome orodha ya wanachama waliofariki jinsi inavyotokea kwenye skrini. Kumbe orodha hiyo iliandikwa kwa namna nyingine, nayo ilikuwa ikitoka sawa tangu mwanzo. Nyongeza yangu ikaipa jina moja la ziada, la kwanza katika orodha iliyohifadhiwa baada yake, ile ya kamati ya maktaba. Zulma akalisoma kwa sauti ya huzuni kabla hajajizuia: Bentancor, Washington. Kutoka safu ya pili, kofia mkononi, marehemu akauliza: "Na nimezikwa wapi?" Bibi mmoja alicheka hadi akashikwa mkono asianguke. Kufikia saa tano kiigaji chake kilikuwa mezani, changu kwenye begi.

Jumapili, 5 Oktoba
Zulma amepita nyumbani. Anasema mpangilio ukirekebishwa, mwakani nitapewa meza. Nimemwambia mpangilio hauna kasoro. Asubuhi nimeongeza kanuni: orodha ikiwa ya marehemu, punguza moja. Dakika tano! Na kuhusu Bentancor, mashine yangu haikukosea. Imewahi tu.