Mkurugenzi Hayupo

Desemba ile, Mkurugenzi wa Leseni za Mikopo ya Nyumba, Mheshimiwa Thaddeus Brockway, alitangaza kwamba jimbo limepiga hatua ambayo mataifa yatakuja kuisomea. Mafunzo ya maadili ya saa nane, ambayo kila afisa mikopo huyapitia kwenye kompyuta ndipo leseni yake ihuishwe, sasa yangelindwa na kamera yenye Mfumo wa Uthibitisho wa Usikivu. Ukitazama pembeni, hupo. Ukipiga chafya, hupo. Asiyekuwepo huanza upya. Leseni hufa mwaka unapokwisha, na rufaa husikilizwa Februari, ili mtu apate muda wa kutafakari.

Wilma Hostetler, afisa mikopo wa mji wa Kettle Bend, aliupokea mfumo huo kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Serikali ilishachukua alama za vidole vyake mara nyingi hadi wakazoeana. Kilichomnyima usingizi ni Teresa na Cole, vijana wenye mtoto njiani, ambao wangetia saini nyumba yao ya kwanza Januari, mara tu baada ya sikukuu. Leseni ya Wilma ikifa, mkopo unakufa nayo, na nyumba anaichukua tajiri mmoja aliyekuwa akiimezea mate.

Mara ya kwanza alipiga chafya saa ya saba. Mara ya pili alicheka. Brockway, ambaye ndiye mwalimu kwenye video, alikuwa amesema maadili ni kutenda mema hata pasipo wa kukutazama.

"Shida yako wewe una uso," alisema Gordy Nygaard, mwenzake wa ofisini. "Mashine haitaki watu wenye uso."

"Acha maneno, Gordy. Niletee kahawa."

"Utainywaje? Ukiinua kikombe tu, umekwisha."

Siku ya mwisho ya mwaka akajaribu tena. Nyuma yake alisimama Wilma mwingine, wa kadibodi, kimo kamili, meno yote nje. Maafisa mikopo wa huku wote wanazo picha za namna hiyo, huzipeleka kwenye nyumba zinazouzwa ili wateja waizoee sura. Saa ya pili mguu wa kiti ukavunjika, Wilma akaishia chini ya meza. Akangoja kufukuzwa.

"Asante kwa usikivu wako," ilisema kompyuta.

Wilma alibaki hukohuko sakafuni, akasikiliza somo lote lililobaki huku akila sandwichi ya bata mzinga. Kwa mara ya kwanza alilielewa.

Asubuhi ya siku ambayo Teresa na Cole wangetia saini mchana, Brockway aliwasili ofisini kwa Wilma na waandishi wa habari, kumtuza afisa pekee jimboni aliyepata alama zote za usikivu na kumsainia leseni mpya mbele ya kamera. Wilma aliona aibu kweli. Aliwafikiria wale vijana, kisha akasema.

"Mheshimiwa, aliyefaulu ni huyo wa kadibodi. Mimi nilikuwa chini ya meza."

"Mfumo haukosei, Bi Wilma," alisema Brockway, akitabasamia wapiga picha. "Hebu tazameni."

Akaketi mbele ya kamera, kadibodi ikawekwa kando yake. Brockway akageuka kidogo kuwaonyesha waandishi upande wake mzuri. Kompyuta ikatafakari. Wilma Hostetler: yupo. Thaddeus Brockway: hayupo.

Naibu wake aliyekuja naye, mama mkimya aitwaye Phyllis Grabowski, alikohoa. "Bosi, kanuni uliiandika mwenyewe. Asiyekuwepo hasaini chochote mpaka amalize mafunzo. Mamlaka yanashuka kwa naibu."

"Phyllis, usiniletee mambo hayo hapa."

"Mwiba wa kujichoma, bosi, hauambiwi pole." Akamgeukia Wilma. "Maadili ni nini, dada?"

"Ni hiki kilichonifanya niseme, na sasa nakijutia."

Phyllis alicheka mpaka akavua miwani. Akasaini leseni ya Wilma palepale, kwa mkono wake, na Wilma akachukua koti akakimbilia kwa Teresa na Cole.

Mheshimiwa Brockway aliachwa kwenye kiti kipya cha Wilma kuanza saa zake nane. Kwenye kioo cha kompyuta, Brockway wa video alifafanua umuhimu wa usikivu. Brockway wa kitini, kabla utangulizi haujaisha, alikuwa anakoroma.