Kiti cha Mbele cha Boti ya Pépère

Jumapili, 9 Februari

Nyuzi thelathini chini ya sifuri. Tumeshinda ndani ya kibanda juu ya ziwa lililoganda, mimi, babu yetu Pépère na binamu yangu Loïc, tukichungulia tundu kwenye barafu kama watu waliopoteza funguo. Samaki wetu, achigan, hatumvui sasa. Yuko chini kabisa, kajibanza penye mawe, hali, hatembei, hana neno na mtu. Sisi wa Kifaransa tunamwita achigan, wa Kiingereza wanamwita bass, na yeye haitikii kokote. Namhusudu.

Leo babu yetu katangaza. Julai boti yake inarudi kwenye mashindano ya achigan. Kila boti watu wawili, nahodha nyuma kwenye injini, mwenzake kiti cha mbele. Kiti cha mbele kilikuwa cha Mémère. Tangu bibi yetu afariki, miaka miwili, hakuna aliyekikalia. Hata kopo la chambo Pépère haliweki pale.

Nakitaka. Naandika hapa kwa sababu sijamwambia mtu. Shuleni nikinyamaza mwalimu humpigia mama simu. Ndani ya boti ya Pépère kunyamaza si ugonjwa. Ni kazi.

Loïc naye anakitaka. Loïc huongea hata akitafuna. Pépère akasema aliye mbele lazima apige kelele akiona mwamba, maana aliye nyuma haoni kitu. Kisha akanigeukia.

"Na wewe Maude, ukiona mwamba utafanyaje? Utaniandikia barua?"

Loïc alicheka mpaka glavu yake ikadumbukia tunduni. Hiyo ndiyo habari njema pekee ya leo.

Atatupima siku msimu wa achigan utakapofunguliwa, Jumamosi ya mwisho ya Juni. Nina miezi minne na nusu ya kutafuta sauti.

Jumapili, 11 Mei

Barafu imekwenda, nzi weusi wamekuja. Nimeingia msituni nyuma ya ukumbi wa parokia kufanya mazoezi. Neno lenyewe ni moja tu: mwamba. Mara ya kwanza nililinong'ona. Mara ya sita nzi akaingia mdomoni. Mara ya kumi na moja likatoka kweli, kunguru wakaruka, na Bwana Haskins, katibu wa klabu ya wavuvi, akatokea mbio na kamba begani. Alidhani kuna mtu kaangukiwa na mwamba.

Ningeweza kusema ukweli tu. Nikamwambia nafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Akauliza unaonyeshwa lini. Nikasema Juni.

Kabla ya chakula cha jioni Shangazi Huguette, mama yake Loïc, alikuwa keshapiga simu kuuliza viti vingapi vipangwe.

Koo limevimba. Sasa hata kunong'ona siwezi.

Jumamosi, 24 Mei

Mungu yupo! Bwana Haskins kaja nyumbani na karatasi aliyoiandika kwa mkono, kwa Kiingereza, na fungu la fomu. Mwisho wa kujiandikisha ni tarehe saba Juni, kwa sababu majina yanapelekwa kwa watu wa bima. Mashindano ni Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Julai. Anaomba nimtengenezee matangazo ya Kifaransa. Kasema mimi mwandiko wangu mzuri na lugha zote mbili ninazo, yeye Kifaransa chake kinaishia kwenye supu ya njegere.

Klabu yetu ni moja, lakini kila upande husoma tangazo lake. Baba anasoma Kiingereza vizuri kabisa. Akiliona tangazo la Kiingereza hugeuza uso, kama amemkuta mtu anaoga.

Hapo ndipo wazo likaja. Wa Kiingereza wakiandika tarehe kwa tarakimu hutanguliza mwezi. Sisi hutanguliza siku. Basi nikiandika 06/07, kwa Bwana Haskins ni tarehe saba Juni. Kwa Loïc ni tarehe sita Julai. Loïc atasubiri Julai. Mimi nitapeleka fomu Juni, jina langu na la Pépère, kabla hata hatujapimwa. Huu si uongo. Ni tarakimu.

Nimetengeneza matangazo kumi. Kila moja nimechora achigan, miba ya mgongoni nimeihesabu sawasawa. Mtu lazima awe mwaminifu mahali fulani.

Jumamosi, 7 Juni

Pépère alisoma tangazo, akaridhika, akasema tarehe sita Julai inatosha, atatupima kwanza. Akatia sahihi kwenye fomu, akaacha wazi nafasi ya mwenzake, akaitia kwenye kopo la biskuti jikoni kwake. Leo asubuhi alipotoka kwenda kukata kuni niliichukua, nikajaza jina langu.

Sentensi ya kumwambia Bwana Haskins nilikuwa nimeiandika kiganjani. Jasho likaifuta. Nikampa fomu, nikakimbia. Akanipigia kelele kutoka barazani akiuliza habari za mchezo. Nikaongeza mwendo.

Wakati wa kurudi nikasimama kwenye gati letu la mbao. Chini yake kuna dume la achigan analinda mayai. Jike keshajiendea zake. Dume anazunguka pale usiku na mchana, akifukuza kila kinachosogea, hata majani. Ndiyo maana hairuhusiwi kumvua sasa. Nikalala kifudifudi juu ya mbao nikamweleza kila kitu. Alinitazama kama mtu wa bima.

Jumamosi, 28 Juni

Siku ya kupimwa. Loïc kakaa kule mbele kwanza, kwa majaribio. Katangaza miamba arobaini na mmoja. Ya kweli ilikuwa mitatu. Iliyobaki ni magogo, bata, kivuli chetu wenyewe, na Bibi Ouellette, mwalimu wangu wa hisabati, aliyekuwa akiogelea. Pépère kacheka mpaka kofia ikamwanguka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Zamu yangu ikafika. Nikauona mmoja. Mkubwa, wa kahawia, futi moja chini ya maji. Nikafungua mdomo. Mdomo ulifunguka vizuri sana, tatizo halikuwa mdomo.

Tulipougonga na kumaliza kuyumba Pépère akainua injini, akatazama pangaboi lililopinda. Akaniuliza kwa upole kama niliuona. Nikasema niliuona. Ndilo neno pekee nililosema siku nzima.

Kiti kapewa Loïc. Nikampa mkono wa pongezi, moyo umetulia kabisa. Jina langu liko kwa Bwana Haskins wiki tatu sasa. Nilimwonea huruma kidogo.

Jumanne, 1 Julai

Sikukuu ya taifa. Siku mbaya kuliko zote.

Asubuhi Pépère alifungua kopo la biskuti. Akakuta biskuti. Akaenda kwa Bwana Haskins kuomba fomu nyingine, akaambiwa mbona keshajiandikisha zamani, na mjukuu wake Maude, hongera. Akaonyeshwa orodha. Boti kumi na mbili. Kumi na moja za Kiingereza. Moja ya Kifaransa, yake.

Sikuwa nimefikiri kwamba matangazo kumi husomwa na watu wengine zaidi ya Loïc.

Kufikia saa ya chakula habari zilikuwa zimezunguka kijiji kizima. Wenzetu wote walikuwa wakingoja tarehe sita Julai, na orodha iko kwa bima tangu Juni. Kwenye nyama choma ya sikukuu hakuna aliyekaa meza yetu. Bwana Thivierge, muoka mikate, alisema kwa sauti ya kutusikilizisha kwamba wengine wamejua mapema sana tarehe ya kweli, sijui waliambiwa na nani. Watu wakaguna. Miaka sabini na mmoja Pépère kaishi hapa, na leo kaitwa kibaraka wa Haskins mbele ya saladi ya viazi.

Hata mimi hakunitazama. Alimfuata Bwana Haskins, akaomba boti yake ifutwe kwenye orodha. Kisha akaenda nyumbani, akaivuta boti nchi kavu, akaifunika turubai.

Turubai, mwezi wa Julai. Nimeiona kutoka dirishani. Nimeshindwa kula hata pai ya sukari.

Jumapili, 6 Julai

Nimekiri. Kwa maandishi, ndiyo.

Niliandika barua mbili, nikazisukuma chini ya milango miwili. Ya Kifaransa kwa Pépère, ya Kiingereza kwa Bwana Haskins. Nilijitahidi kila mmoja nimweleze kwa namna itakayomfaa. Kwa Pépère niliandika kwamba nilichanganyikiwa na ile tabia ya ajabu ya Waingereza ya kuanza na mwezi. Kwa Bwana Haskins niliandika kwamba nilichanganyikiwa na ile tabia ya ajabu ya Wafaransa ya kuanza na siku. Zote mbili nilimalizia kwa machozi. Ya Kiingereza machozi kidogo, hawayapendi.

Sikufikiri wangezilinganisha.

Leo baada ya misa klabu iliitisha mkutano ukumbini. Bwana Haskins akasoma yake. Pépère akasoma yake. Shangazi Huguette akatafsiri zote mbili, kwa sauti ya mtu anayetangaza bahati nasibu. Halafu upande wa Kiingereza ukaanza kucheka. Halafu upande wetu, tafsiri ilipofika. Halafu Kiingereza tena. Bwana Thivierge alicheka akimshika Bwana Haskins bega. Akaenda kumwomba Pépère radhi, na Pépère akaipokea bila hotuba. Mimi nilikuwa nyuma ya mapazia, nikitamani kuwa mdudu.

Wakaamua. Mashindano yafutwe, yarudiwe tarehe kumi na nane Oktoba, kila mtu ajiandikishe upya. Mimi nitaandika matangazo yote ya klabu mwaka mzima, lugha zote mbili, bila malipo, na tarehe ziandikwe kwa maneno.

Bibi Ouellette akauliza kama mchezo bado upo.

Nje, Loïc akasema Oktoba yeye hakai mbele ng'o. Ana mpira wa magongo, na Oktoba aliye mbele huganda kope. Pépère akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Bibi yako naye alikuwa mjanja," akasema. "Ila yeye alidanganya samaki tu."

Akasema basi mbele nitakaa mimi, na hiyo ni adhabu yangu.

Niliinamisha kichwa. Watu walidhani ni aibu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Boti ishirini na nne. Majani yote yameanguka, nyuzi mbili tu juu ya sifuri, na asubuhi maji yaliganda kwenye vipete vya fimbo ya kuvulia ikabidi nivipulizie kwa mdomo. Upepo wote wa kaskazini unakuja usoni kwanza, ndipo uende kwa wengine. Kope ziliganda kweli. Sijawahi kuwa na furaha hivi.

Wakati huu achigan wamekusanyika kwenye kina, kando ya mawe, wakila kwa ajili ya msimu wa baridi. Hawavuti kwa pupa. Ni kama mtu mwenye haya anakugusa mkono wa koti halafu anajifanya si yeye. Loïc asingemsikia kamwe. Mimi nilimjua mara moja.

Akapanda polepole, mzito, wa shaba, mistari ubavuni. Pépère akamwingiza wavuni. Tukamlaza kwenye rula: sentimita hamsini na mbili. Hakuna aliyekuwa na samaki wa namna hiyo. Lakini kipimo chetu hakihesabiwi. Lazima mwamuzi aje na rula yake, na sheria inasema aliyevua ndiye amwite. Mwamuzi alikuwa Bwana Haskins, hatua sitini kutoka kwetu, kwenye boti yake.

Pépère akakunja mikono. "Samaki ni wako. Mwite mwamuzi."

Nikafungua mdomo. Nikafunga. Nikainua mkono nikampungia Bwana Haskins.

Bwana Haskins akanipungia.

Nikapunga kwa mikono miwili. Naye akaweka chini kikombe cha kahawa, akapunga kwa mikono miwili. Nikaonyesha majini. Akatazama maji, akaonyesha dole gumba, yaani ndiyo, maji mazuri leo. Nikavua kofia nikaizungusha juu. Akavua yake. Halafu akawasha injini, akaenda zake, mtu mstaarabu kabisa.

Samaki hawezi kungoja mpaka mtu apate ujasiri. Pépère akamshika mkiani ndani ya maji mpaka akapata nguvu, akamwachia. Nikajiandaa kusemwa. Nikageuka: kaegemea injini, machozi yanamtoka, mabega yanatikisika, na sauti haitoki kwa kicheko.

Tumeshika nafasi ya ishirini na nne. Kaniambia mwakani nikae palepale.

Jumapili, 9 Novemba

Theluji ya kwanza. Boti iko chini ya turubai, sasa kwa haki.

Habari mbaya. Februari kuna mashindano ya barafuni, na Pépère kasema kibandani mwake watakaa wawili tu, yeye na mjukuu atakayetangulia kufika siku ya kujiandikisha. Loïc anajigamba kwamba yeye huamka na majogoo. Kweli huamka. Mimi siwezi.

Habari njema ni kwamba matangazo naandika mimi. Kujiandikisha ni saa moja jioni. Sisi tungeandika 19. Wa Kiingereza huandika 7, halafu huongeza kama ni asubuhi au jioni. Nikiandika 7 peke yake, nikaishia hapo, Loïc atadhani ni saa moja asubuhi, atasimama mlangoni mwa ukumbi tangu alfajiri, kwenye theluji, na kufikia saa nne atakuwa amekata tamaa na kurudi kulala.

Nimesoma tena adhabu yangu kwa makini. Klabu ilisema tarehe ziandikwe kwa maneno. Kuhusu saa hawakusema kitu.

Mara hii nimetengeneza matangazo ishirini.