Chaguo Ni Lako, Lakini "Wewe" Ni Nani?

Kwa Ndugu Mhariri wa ukurasa wa magari,

YAH: NENO "LAKO" MLILOLICHAPISHA MWISHONI MWA MAKALA, NA YALIYOIPATA NYUMBA YANGU

Salamu zikufikie ukiwa mzima, wewe na wote mnaofanya kazi chini ya feni moja. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti. Kazi yangu ni kutengeneza saa, na katika miaka ishirini na mbili ya kazi hiyo sijamwandikia mtu barua ya malalamiko, isipokuwa bwana mmoja aliyeniletea saa ya ukutani yenye mende hai ndani yake. Kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu, ujue maji yamenifika shingoni.

Jumamosi ya kabla ya iliyopita mlitoa makala ya kulinganisha magari mawili madogo ya spoti, kwa ajili ya mtu anayetafuta gari la kila siku. Moja jekundu, lenye gia za mkono na mlio mzito. Jingine la bluu, lenye gia za otomatiki na viti laini. Mimi na mke wangu tulikuwa tumemaliza miezi minne tukibishana juu ya magari hayohayo, mimi nikiwa wa jekundu na yeye wa bluu, tukaona yaishe: tutafuata mtakachosema ninyi. Mwandishi wenu akajaza ukurasa mzima. Alipima breki, akapima kona, akapima mpaka mahali pa kuwekea kikombe. Halafu akamaliza hivi: "Yote mawili ni mazuri. Chaguo ni lako."

Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yaliyonileta kwako.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa mezani nimebana lenzi jichoni, nafungua saa ya mkono ya mteja, na mke wangu ananisomea gazeti kwa sauti. Alipofika mwisho akaniangalia, akasoma vizuri kabisa: "Chaguo ni lako." Nikajibu kama mtu yeyote aliyelelewa: "Ahsante, mke wangu." Akauliza nashukuru nini. Nikasema nashukuru kwa kupewa chaguo. Akasema yeye hakunipa kitu, alikuwa anasoma tu, na gazeti likisema "lako" linamwambia msomaji, na msomaji ni anayesoma, na aliyekuwa anasoma ni yeye. Nikamkumbusha kwamba gazeti nimelinunua mimi. Akasema hata muuza karanga hununua magazeti, na hajaambiwa akachague gari.

Leo ni siku ya tisa hatusemezani. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili tusipotezane njiani.

1. Neno "lako" ni la umoja. Nyumbani kwangu kuna watu wazima wawili, watatu ukimhesabu mama mkwe, ambaye hapendi kuhesabiwa wa mwisho. Mngeandika "lenu", tungegombana kwa usawa. Mngeandika "la mume", mngekuwa mmetenda haki. Nilimfuata mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayeishi ghorofa ya pili, nikitumaini ataniunga mkono kama mwanamume mwenzangu. Alinieleza kwa dakika arobaini na tatu, nilizipima, kwamba "-ako" ni kimilikishi cha nafsi ya pili umoja na kwamba Kiswahili kwa busara zake hakibagui mume na mke. Nikamuuliza hizo busara zilikuwa wapi siku watu wanataka kununua gari. Kisha nikampa pendekezo langu kwa heshima zote: tuwe na "lakome" kwa mume na "lakoke" kwa mke. Mwalimu aliomba maji ya kunywa, akajinyoosha kwenye kochi, na tangu siku hiyo nikigonga mlango wake husikii hata kikohozi.

2. Mwandishi wenu anauma huku anapuliza. Jekundu "linakata kona kwa furaha, ila linatikisa mgongo." La bluu "ni tulivu, ila halisisimui." Mtu aliyeajiriwa kupima magari anawezaje kumaliza ukurasa mzima asiseme kitu? Mteja akiniletea saa mbili, moja inasema saa nne kamili na nyingine saa nne na robo, simwambii zote ni nzuri, chaguo ni lako. Atakosa basi lake na mimi nitakosa mteja. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi, na nakubali, lakini yule fisi alikuwa peke yake. Angekuwa ameongozana na mke wake, na gazeti lenu mkononi, angekuwa pale njia panda mpaka leo.

3. Mlisema ni gari "la kila siku", bila kueleza ni kila siku ya nani. Mke wangu ni muuguzi wa chumba cha vidonda. Asubuhi huvuka mji mzima kwenda hospitali na jioni huuvuka tena kurudi. Kwa hiyo alimtuma mama yake aniambie kwamba hapo kwenye "kila siku" anayehusika ni yeye, kwani duka langu liko chini ya jengo tunaloishi na safari yangu ya kwenda kazini ni ngazi. Ni kweli, ni ngazi. Sikatai. Lakini kutoka ghorofa ya nne mpaka chini nina kona saba kali, mteremko mwanzo hadi mwisho, na taa hakuna hata moja. Mwandishi wenu ameandika kwa mkono wake kwamba jekundu ni gari la mtu anayependa kona. Katika siku hizi tisa nimekuwa nikishuka kwa mazoezi. Nikikaribia kona napunguza gia kwa mkono wa kushoto, nikitoka nakanyaga mafuta. Nilianza na dakika moja na sekunde kumi na mbili, sasa niko kwenye sekunde hamsini na nane. Mpangaji wa ghorofa ya tatu, mama mpole sana, amenisimamisha akaniuliza kama nina shida ya tumbo, kwa sababu ya mlio ninaoutoa mdomoni. Nikamweleza kuwa ni gia ya pili. Sidhani kama aliridhika.

4. Mliandika kwamba buti ya gari la bluu "inameza mabegi mawili makubwa." Mnapoandika maneno kama hayo, mnadhani yanaishia gazetini? Siku ya tano nilipanda juu kula chakula cha mchana, nikakuta mabegi mawili makubwa yamejaa, yamesimama mlangoni. Ndugu Mhariri, sitakuficha. Nilikaa pale kwenye kigoda cha kuvalia viatu. Miaka kumi na saba ya ndoa niliiona inaondoka kwa sababu ya gia. Kumbe alikuwa ameyapakia ili ayapime kwa futi kamba, aone kama mwandishi wenu ni mkweli. Lakini mama mkwe alikuwa ameyaona kabla yangu, na wala hakulia. Alikwenda kufunga la kwake, akisema kama binti yake anaondoka, yeye hawezi kubaki kunipikia mimi na saa zangu. Sasa mabegi ni matatu na buti inameza mawili. Kasoro hiyo ya gari la bluu nimeigundua mwenyewe, bila msaada wa gazeti lolote.

5. Kwa kuwa hatusemezani, mama mkwe ndiye mpeleka ujumbe kati ya sebule na chumba cha kulala, na ujumbe kwake haupiti bila kuongezwa chumvi. Nilimtuma amweleze binti yake kwamba siti za jekundu zinashika kiuno vizuri kwenye kona. Ilipofika chumbani, nilikuwa nimesema kiuno chake hakiingii kwenye siti. Jibu lililorudi siwezi kuliweka kwenye barua rasmi. Nikatuma ufafanuzi, ukafika ukiwa ombi la msamaha, na nikasamehewa. Hebu fikiria uchungu wa kusamehewa kosa ambalo hukulifanya, kisha unaambiwa usirudie.

6. Jumatano tulikwenda kuyajaribu magari yenyewe, tumenyamaza wote wawili, mama mkwe amekaa kiti cha nyuma akipokea na kupeleka. Muuzaji akauliza kwa ukarimu gari litakuwa la nani. Tukajibu kwa pamoja: "Langu." Lilikuwa neno la kwanza tulilokubaliana kwa siku nyingi. Muuzaji akatoa fomu mbili, akatuangalia, akazirudisha mezani. Akasema, "Wazee wangu, mkishajua nani ni nani, nipigieni." Ametupa mpaka Jumamosi hii. Yapo mawili tu uani kwake, na kuna mteja mwingine anayetaka lolote kati ya hayo, mtu ambaye bila shaka hajaoa.

7. Kazi yangu imeanza kuharibika. Juzijuzi nimemrudishia mzee mmoja saa yake ikiwa inakwenda kinyumenyume. Alirudi nayo, akaniambia taratibu kwamba umri wake haumruhusu kuhesabu upya. Mkono wa fundi saa hauna budi kutulia, na wangu hautulii, kwa sababu kila jioni nikiinamisha kichwa nasikia nyayo zake zikipanda ngazi na hakuna sauti inayofuata. Zamani alikuwa akichungulia kwenye uwazi wa ngazi, akaniita chakula tayari. Siku hizi anashushwa mama mkwe, na mama mkwe akishuka huwa amekwisha kula nusu.

Kwa hayo yote, naomba gazeti lako lifanye mojawapo ya mambo yafuatayo. Kwanza, mchapishe masahihisho ukurasa wa mbele, kwa herufi zinazoonekana na mtu aliyenuna: "Tulipoandika 'lako', tulimkusudia bwana fundi saa wa ghorofa ya nne." Kama ukurasa wa mbele umejaa, basi mwandishi wa makala aje nyumbani kabla ya Jumamosi, akae mezani katikati yetu, ataje rangi moja kwa mdomo wake. Neno "ila" aliache mlangoni pamoja na viatu. Chakula kitakuwepo, na begi la mama mkwe tutalisogeza apate pa kupita.

Akiogopa, naye ana haki ya kuogopa, basi kuanzia sasa kila makala ya kulinganisha magari ichapishwe nakala mbili, moja ya mume na moja ya mke, na kila moja imwambie mwenyewe kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo. Mtauza mara mbili. Na kama hata hilo limewashinda, sitakuwa na njia nyingine ila kuacha kununua gazeti lenu na kuanza kuazima la mwalimu, akikubali kunifungulia.

Nisalimie mwandishi wa makala; mwambie sina kinyongo naye, isipokuwa kidogo. Nisalimie aliyepiga picha ya jekundu kutoka ule upande wa taa za mbele, maana kaka huyo anajua kazi. Wasalimie wapanga kurasa, wauza matangazo, mlinzi wa getini na yeyote anayewachemshia chai. Mke wangu angewasalimu, lakini hajui kama nawaandikia. Mama mkwe anawasalimu, na anauliza kama mna ukurasa wa mapishi.

Ni mimi, ninayesubiri haki yangu,

Fundi Saa wa Chini ya Ngazi

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha mke wangu aliporudi kutoka kazini. Alikaa bila kuvua viatu; alikuwa ameshinda amesimama. Akaniambia mwenyewe, bila kupitia kwa mama yake: "Mume wangu, chukua hilo jekundu. Nitajifunza hizo gia." Maneno hayo nilikuwa nimeyasubiri siku tisa, na yalipokuja niliona aibu tu. Niliitazama miguu yake ilivyovimba, nikawaza kukanyaga klachi asubuhi na jioni kwenye foleni, nikamwambia hapana, tunachukua la bluu. Akasema hataki kuonewa huruma, na kwamba siku ile ya kulijaribu jekundu alilipenda, basi tu hakutaka nijue. Nikamwambia mimi silitaki tena hata kuliona. Amepandisha sauti, nami nimepandisha, na mama mkwe yuko katikati yetu hana cha kupeleka. Nimefurahi mno kuisikia sauti hiyo, hata ikiniita king'ang'anizi. Lakini hatujaafikiana, na Jumamosi inakuja vilevile. Kwa hiyo nakuomba sana, Ndugu Mhariri: katika barua hii, popote nilipoandika "jekundu" usome "la bluu", na popote nilipoandika "la bluu" usome "jekundu". Hoja zangu zote zinabaki kama zilivyo.