Sakafu Nyeusi ya Nahodha

Wapo manahodha waliozunguka dunia nzima, halafu yupo shemeji yangu, aliyemaliza miezi mitatu akichagua sakafu!

Huyu ni mume wa dada yangu. Kazini ni karani wa masjala, lakini tangu anunue boti kuukuu ya watu watano, jina lake halitaki tena. "Niite Nahodha," anasema, hata akiwa anaosha vyombo.

Boti ilikuwa na tatizo moja: pale mbele ya usukani, sakafu ilikuwa imeoza. Mtu mwingine angemwachia fundi. Nahodha? Thubutu! Alileta sampuli nyumbani akazitandaza sebuleni: mbao za msaji, raba, plastiki yenye vipele. Akazimwagia maji ya sabuni, akatuamuru tuzikanyage mmoja mmoja, naye anatoa maksi. Mimi nilipata sita. Dada alianguka, akapata mbili.

"Sebule yangu si bandari!" dada alifoka, kajishika kiuno.

"Vumilia, mke wangu. Huu ni utafiti."

Mwishowe akachagua raba, nyeusi tititi. Fundi wa boti, mtu asiye na maneno mengi, akakuna kichwa.

"Bosi, raba ni nzuri. Ila nyeusi inakunywa jua. Chukua ya kijivu."

"Kijivu? Rangi ya panya? Umewahi kuona gari la rais la kijivu?"

"Gari la rais halikanyagwi pekupeku, bosi."

"Bandika!"

Fundi akabandika. Sakafu ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nahodha, kwa kuogopa isikwaruzwe, akatundika kibao: VIATU MARUFUKU.

Siku ya uzinduzi alimwalika mama yetu, yaani mama mkwe wake, ambaye kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akimwita "Redio", kwa kuwa anasikika sana na haonekani akifanya kitu. Majirani wakaja, wenzake wa masjala wakaja, wote tukajipanga gatini. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi.

"Mama," alisema Nahodha, akivua viatu na soksi, "leo utajua binti yako kaolewa na nani."

Akarukia botini na magwanda yake meupe na kofia ya unahodha, kifua mbele, mikono nyuma.

"Ndugu zangu, sakafu hii..."

Akanyanyua mguu wa kulia. Akaushusha, akanyanyua wa kushoto.

"...ni matunda ya... uwiii!... ya utafiti!"

Watu wakadhani ni ngoma! Mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakadakia, shangazi akapiga kigelegele. Nahodha akaona haya kusema ukweli. Afanyeje? Akacheza! Magoti yakapanda hadi kidevuni, kiuno kikazunguka kama feni, na machozi yakawa yanamtiririka.

"Jamani, analia kwa furaha!" akasema karani mwenzake.

"Kumbe mkwe wangu ana mambo!" mama akashangaa.

"Bosi, mwagia maji!" fundi akaita.

"Nyamaza! Hii... ah! oh!... ni sehemu ya ratiba!"

Ratiba haikufika mbali. Kofia ikaruka huku, mwenyewe akaruka kule. Chubwi! Maji yakamfika kiunoni, naye akafumba macho, uso umetulia kama wa mtoto mchanga aliyeshiba.

Mama hakungoja kuambiwa. Akaingia botini na malapa yake miguuni, akapita mbele ya kibao kana kwamba hakijaandikwa kitu, akashika usukani.

"Fundi, fungua kamba."

Fundi akafungua. Injini ikanguruma, boti haikusogea. Tumbo lake lilikuwa limenasa kwenye tope. Mama akageuka, akamwona mtu aliyelowa, hana kofia, hana viatu, nywele zimemlalia usoni.

"Wewe kijana uliye majini," akamwambia, "hebu tusukume kidogo."

Nahodha akasukuma.