Laini Yangu ya Maskati

Jumamosi, 3 Julai 2004

Leo nimefungua rasmi. Chumba cha chini nyumbani kwa mama mkubwa wangu, Bi Khamisa, hapa Kiponda. Kompyuta moja, hedfoni, maiki, na feni inayozunguka ikitaka. Nje nimeandika kwa rangi nyekundu: ONGEA NA DUNIA KWA BEI YA KIKOMBE CHA CHAI. Simu moja, bei moja, hata ukiongea mpaka ukachoka. Bi Khamisa kauliza je, wasipochoka? Nimemwambia nimechunguza. Watu wa hapa hawaongei na Maskati zaidi ya dakika tatu. Nimewaona miaka yote kwa Miraji.

Miraji ni huyo wa ng'ambo ya uchochoro, mwenye kibanda cha simu ya waya. Dada yake, Wafaa, hukaa dirishani na saa ya kuhesabia mkononi. Simu ikishaanza kutembea, Wafaa hasemi na mtu, hata umsalimie vipi. Na mteja humo ndani anapiga kelele: hatujambo, mama hajambo, leteni shuka, kwaherini! Biashara ya kikatili. Nitaimaliza kwa wiki moja.

Kuna na jingine, naliandika hapa kwa kuwa daftari halina mdomo. Thuwaiba binti Zahran, mwalimu wa hesabu. Namtaka. Miraji naye kapeleka posa. Baba mtu yuko Maskati na atatoa jibu Ijumaa. Miraji ana simu ya zamani, mimi nna intaneti. Sioni nitashindwaje.

Jumapili, 4 Julai

Mteja wa kwanza: Bi Khairat! Shangazi yake Thuwaiba, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Ishara njema kabisa. Kaja kuongea na dada yake, Bi Asila, anayekaa Maskati kwa kaka yao Zahran, huyo huyo baba mtu. Nimempa kiti chenye mto.

Salamu zilianza asubuhi saa tatu. Saa nne walikuwa bado kwenye salamu. Kwa Miraji waliulizana watu wawili watatu tu, roho juu. Hapa wameuliziana mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, na waliokufa wakarehemewa kwa majina. Kisha kimya. Nikadhani wamemaliza. Kumbe Bi Khairat katoa ungo kwenye mkoba, anachambua mchele. Na kule Maskati nasikia mbuzi ya kukunia nazi ikikwaruza! Hawasemi chochote, wamekaa tu pamoja. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba laini bado iko wazi. Akasema anajua, mwanangu, miaka kumi na tisa hawajapika pamoja.

Katoka ilipoadhiniwa adhuhuri. Kalipa chai yake moja. Waliokuwa wakingoja nje walishakwenda zao kwa Miraji.

Jumatatu, 5 Julai

Maskati wamepata nambari ya simu yangu ya mkononi. Bi Asila ananibipu. Bipu yake maana yake: Tamim, amka, washa kompyuta, niitie dada yangu. Kanibipu nikiwa msalani. Kanibipu nikiwa kwa kinyozi. Nimekuwa mtumishi wa mtu aliye nchi nyingine, na hata salio lake halipungui.

Mchana kaja Ame, yule anayeuza makasha ya njumu, yale ya mbao yenye misumari ya shaba, Darajani. Zamani alikuwa akitumia simu ya Miraji, mara moja kwa mwezi, kumpigia mnunuzi wake wa Dubai. Anataja bei, mnunuzi anasikia dakika zinavyokimbia, anakubali, kwaheri. Leo kapiga kwangu. Kwa mara ya kwanza mnunuzi kapata nafasi ya kubishana. Kabishana kuhusu mbao, kabishana kuhusu misumari, kaondoka kidogo kwenda kusali, karudi kubishana kuhusu kufuli. Ame katoka kashusha bei na kaahidi usafiri juu yake. Nikampa pole, nikamweleza kuwa huu ndio ulimwengu mpya wa biashara. Kanijibu neno ambalo siliandiki.

Jumanne, 6 Julai

Nimepata dawa! Nimefunga uzi kwenye plagi ya maiki, nyuma ya kompyuta, nikaupitisha chini ya meza mpaka kwenye kidole gumba cha mguu wangu. Mteja akizidi, navuta. Upande wa pili hawamsikii tena, wanadhani laini imekatika, wanaaga, kiti kinakuwa wazi. Nani kama mimi?

Asubuhi nimevuta mara mbili, wateja wawili wametoka bila ubishi. Kisha kaja Bi Khairat. Nikavuta. Akaendelea kuongea. Nikangoja. Akaendelea, akacheka, akalia kidogo, akafuta macho. Alipomaliza nikagundua kuwa na Bi Asila alikuwa akiongea muda wote huo huo. Hakuna aliyemsikiliza mwenziwe, na wote wawili wameondoka wameridhika.

Plagi sasa imelegea. Nimeikaza kwa njiti ya kibiriti.

Jumatano, 7 Julai

Sikukuu ya Saba Saba. Miraji kafunga. Mji wote ni wangu. Umeme umekatika tangu asubuhi.

Sikukaa bure lakini. Nimemshika Bi Khamisa anipelekee posa kesho, kwa kompyuta, kabla Mzee Zahran hajamjibu Miraji. Kakataa. Kasema posa huenda kwa miguu, na watu wazima, na maneno yaliyopangwa, haipelekwi ndani ya sanduku. Nikamwambia mjomba wangu, ambaye angeipeleka, yuko Pemba, Maskati hakuendeki kwa miguu, na keshokutwa ni Ijumaa. Mwisho kakubali, ila kwa sharti: avae buibui lake jipya na chumba kifukizwe udi. Mzee Zahran ni mtu wa heshima.

Nikamuuliza, na Thuwaiba mwenyewe? Kasema baba mtu atamuuliza, ndivyo inavyotakiwa. Na kwetu mwanamwali hasemi ndiyo. Akiulizwa akanyamaza, kakubali. Yeye mwenyewe aliulizwa, akanyamaza, akaolewa. Nikasema mashallah. Akasema siku ile alikuwa anaumwa na jino.

Thuwaiba ni mtu mpole, hana maneno mengi. Nalala na furaha.

Alhamisi, 8 Julai

Nayaandika kama yalivyotokea.

Nimeazima spika za redio ili kila mtu asikie. Udi umefukizwa mpaka kompyuta haionekani. Bi Khairat kaja na Thuwaiba, akamwacha ukumbini kwanza, kama inavyostahiki. Bi Khamisa kakaa mbele ya maiki na buibui lake, kasema maneno mazuri ambayo sijawahi kuyasikia juu yangu, na mengine nna shaka nayo. Sauti inachelewa kufika, basi Mzee Zahran akawa anajibu habari ya afya wakati Bi Khamisa keshafika kwenye ukoo. Lakini wakaelewana. Mzee kasema anatushukuru. Kasema posa ziko mbili, na yeye hamchagulii mtu. Atamuuliza binti yake juu ya Tamim kwanza, kwa kuwa Tamim ndiye aliyepo kwenye laini. Bi Khairat akamwambia binti anakuja sasa hivi.

Thuwaiba akaingia. Nami, kwa heshima, nikasimama.

Uzi ulikuwa bado mguuni.

Mzee Zahran akauliza kwa sauti nzito ya kusikika Maskati nzima: mwanangu Thuwaiba, Tamim wa Bi Khamisa anataka kukuoa, unasemaje? Thuwaiba akainama kwenye maiki. Akajibu kwa ile sauti yake ya darasani, ya kufika mpaka dawati la nyuma.

"Simtaki, baba. Sina ubaya naye, lakini simtaki."

Nimesikia mimi. Kasikia Bi Khamisa. Wamesikia waliokaa barazani nje, na ng'ambo ya uchochoro Miraji kasimama mlangoni kwake na kikombe mkononi. Ambaye hakusikia ni mtu mmoja tu, naye yuko Maskati. Kimya. Kisha Mzee Zahran akasema kwa furaha kwamba binti kanyamaza, alhamdulillahi, Mungu awape kheri! Na Bi Asila nyuma yake akapiga vigelegele, spika zikatikisika.

Nikatazama chini. Plagi iko sakafuni, njiti ya kibiriti kando yake. Nilikuwa na uwezo wa kuinama. Naandika ukweli: sikuinama. Sikuichomoa kwa makusudi, lakini na kuirudisha sikuirudisha. Nikawaza kwamba baba mtu kesharidhia, mengine yatajipanga.

Thuwaiba akasema tena simtaki, mara hii kwa ukali. Vigelegele vikazidi. Akaitazama kompyuta. Akautazama uzi, akaufuata kwa macho mpaka kidoleni kwangu. Mwalimu wa hesabu, haikumchukua muda. Nikangoja anitukane.

"Kaka Tamim," akasema taratibu, "hapa ni pa kuzungumza. Mimi nna neno la kusema."

Akajifunika vizuri, akatoka, akavuka uchochoro. Nikamwona Wafaa akibonyeza saa yake.

Tukabaki na laini iko wazi. Haijawahi kuwa safi namna ile! Tukasikia simu ya mezani ikilia ndani ya nyumba ya Mzee Zahran, huko huko Maskati. Tukasikia viatu vyake. Tukamsikia akisema naam, mwanangu. Kisha: humtaki? Kisha: mbona umenyamaza? Kisha: aa. Kisha: uzi gani? Bi Asila akakata vigelegele katikati, akaja kwenye maiki yake akamwambia Bi Khairat, kama mtu anayetoa habari mpya, kwamba kumbe binti kakataa. Bi Khairat akataka kumjibu, hakusikika. Akainama. Akaiokota plagi pamoja na uzi, nami mwishoni mwa uzi. Amenijua tangu nikiwa navaa kaptura. Akaichomeka mwenyewe.

Halafu Mzee Zahran akauliza, kwenye ile simu nyingine: na Miraji je?

Hatukusikia jibu. Mzee naye kumbe hakulisikia, maana akarudia. Akasema hapana, mwanangu, leo kunyamaza sikutaki, nshadanganyika mara moja. Sema kwa mdomo wako. Kisha akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kupitia kompyuta yangu. Kwenye spika nilizoziazima mimi.

Imeniuma. Sina namna ya kuipamba. Bi Khamisa kavua buibui lake jipya, kalikunja, kaniuliza kama nimekula.

Ijumaa, 9 Julai

Miraji kaja baada ya sala, kwa adabu zake zile zile zinazochosha. Kauliza hali yangu. Kaniletea halua. Nimeila ili asione kitu.

Maskati hawajabipu tangu jana. Nimeizima simu nikaiwasha, labda mbovu. Si mbovu. Ame kaja akakaa kwenye kiti cha wateja, kanitazama, kacheka, kaondoka. Hakulipa hata chai.

Jumapili, 18 Julai

Mambo yamegeuka! Harusi ni mwezi ujao, na Miraji kaja mwenyewe kuniomba laini. Mzee Zahran na Bi Asila hawataweza kusafiri, na wanataka kuisikia harusi yote, tangu kusomwa khutuba mpaka ngoma ya wanawake. Simu yake haiwezi kukaa wazi mchana kutwa. Yangu inaweza. Hatimaye wamekiri! Nimemwambia bei ni ile ile. Thuwaiba naye kaja, kaomba mkasi, kapiga magoti chini ya meza, kaukata uzi. Akaniambia ahsante, kaka Tamim. Bi Khairat karudi na ungo wake, na bipu zimeanza tena. Leo kabla ya alfajiri.

Nimekaa nikapima kosa lilikuwa wapi. Si uzi. Si mimi pia, nimejichunguza. Kosa ni sauti tupu. Ingekuwapo kamera, Mzee Zahran angeniona nilivyosimama kwa heshima, na moyo ungemlainika. Nimeagiza kamera Dubai. Nyumba nzima wataonekana, mbele ya kompyuta moja, bei moja ya chai. Watatazamana dakika tatu, watatosheka.

Na jioni ya leo nimegundua kitu. Wafaa! Miaka yote yuko hapo dirishani na sijawahi kumtazama vizuri. Ana utulivu. Ana haya. Ame alikuwa ndani ya kibanda anapiga kelele na Dubai (keshahamia huko moja kwa moja, anasema kwangu anafilisika), na Wafaa kakaa na saa yake mkononi. Nikamwinamia dirishani, nikamuuliza kwa upole: je, wakija wazee wangu kwao kwa ajili yangu, atasemaje?

Hakusema neno. Macho yake chini, kwenye saa.

Nikauliza mara ya pili, ili isije ikasemwa laini ilikuwa mbovu. Kimya kile kile.

Nshamwambia Bi Khamisa afukize udi.